Mbegu ilihimili kutu miaka miwili, wa tatu ikashikwa: kulikoni?

Swali: "Daktari, habari ya kazi. Nalima ngano Mau Narok, ekari 40. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mbegu iliyothibitishwa, nikaambiwa inahimili kutu. Msimu wa kwanza na wa pili nilipulizia dawa mara moja tu na nikavuna vizuri. Mwaka huu mashina yamejaa unga mwekundu, sehemu kubwa ya shamba imelala, na punje zimesinyaa. Mwenye duka la agroveti anasema nimechakaza mbegu kwa kuirudia. Majirani wanasema niliuziwa feki. Nani mkweli? Na kwa nini nyinyi watafiti msitupe mbegu moja isiyoshikwa na kutu kabisa, tumalizane na jambo hili? Mwisho, hii ngano niliyovuna naweza kuiweka mbegu ya mwakani?"

Mzee, pole sana kwa msimu huu. Nianze na hao wawili waliokushauri: kwa ninavyoona kwenye picha ulizotuma, hakuna aliyepata. Hukuuziwa feki, wala hukuchakaza mbegu.

Picha iliyonipa jibu ni ile uliyopiga ukiwa katikati ya shamba. Kila shina limeshikwa, na yote yameshikwa kwa kiasi kilekile. Mbegu iliyochanganywa haifanyi hivyo. Ukipita kwenye shamba la mchanganyiko utakuta mmea mmoja umejaa unga mwekundu na uliosimama ubavuni mwake ni msafi. Utaona pia masuke mengine yamepita wenzake kwa kimo, mengine yana ndevu na mengine hayana. Lako limelingana kimo, ndevu na rangi. Ni mbegu moja, na imeshikwa yote.

Kuhusu kurudia mbegu, ngano si mahindi chotara. Ua la ngano hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla hata halijafunguka, kwa hiyo punje uliyovuna ni nakala ya ile uliyopanda, pamoja na jeni zake za kinga. Kurudia kuna hasara zake, hasa kombaini ya kukodi inayoingia kwako na punje za shamba la mwingine tumboni, na yale magonjwa yanayosafiri na mbegu. Lakini jeni ya kinga haipungui makali kwa kupandwa mara tatu. Hata ungenunua mfuko mpya wa mbegu ileile mwaka huu, ungepata kutu hiihii. Cheti cha KEPHIS, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, kinakuhakikishia kwamba mbegu ni ya aina iliyoandikwa kwenye mfuko, ni safi na inaota. Hakiwezi kukuhakikishia kutu itakayokuja mwaka kesho kutwa.

Kilichobadilika ni kutu yenyewe. Jina la mbegu yako ulilitaja, lakini siliandiki hapa, maana lililoipata limezipata nyingi, na msomaji mwingine asije akadhani akiikimbia hiyo moja amepona.

Ule unga unaobaki kwenye kidole ukipitisha shinani ni spora za kuvu iitwayo Puccinia graminis, kutu ya shina. Ngano ina kutu tatu, na ni vizuri kuzitofautisha kwa sababu mbegu inayohimili moja inaweza kushindwa na nyingine. Kutu ya majani huacha vitone vidogo vya duara, rangi ya chungwa iliyokolea, vimetapakaa juu ya jani bila mpango. Kutu ya manjano hujipanga kwa mistari kufuata mishipa ya jani, na hupenda baridi, ndiyo maana huko kwenu juu inawasumbua sana. Yako ni ya shina: malengelenge marefu yaliyopasua ngozi ya shina, kingo zake zimechanika, unga wake mwekundu wa matofali. Shina likishachanwachanwa namna hiyo, maji na chakula havifiki kwenye suke, punje zinasinyaa, na upepo ukija ngano inalala. Baadaye unga huo hugeuka mweusi.

Spora ikitua kwenye shina lenye unyevu huota, ikaingia kupitia vitundu vya kupumulia, na baada ya wiki moja hadi mbili lengelenge jipya linapasuka na kumwaga maelfu ya spora nyingine. Upepo huzichukua, jirani kwa jirani, kaunti kwa kaunti, na mara nyingine huvuka bahari.

Sasa kinga inafanyaje kazi? Kuvu ikishaingia, hupenyeza protini zake ndani ya seli za ngano ili kuutuliza mmea usijitetee, huku ikinyonya chakula. Jeni ya kinga ya aina iliyokuwa kwenye mbegu yako hutengeneza protini ambayo kazi yake ni kuitambua mojawapo ya hizo protini za kuvu. Ni kama mlinzi wa geti aliyepewa picha ya mwizi mmoja. Akimtambua, anapiga kengele, na seli zote zilizo karibu na pale kuvu ilipoingilia zinajiua. Kutu haiwezi kula kilichokufa, inahitaji seli hai, kwa hiyo inakufa njaa hapohapo. Ukiangalia shina lenye kinga hiyo utaona doa dogo lililokauka badala ya lengelenge la unga. Lakini mlinzi ana picha moja tu. Kuvu ikiigeuza protini ile, au ikiipoteza kabisa, inapita getini na mlinzi anaitazama.

Harold Flor aliligundua jambo hili kwenye kutu ya kitani huko North Dakota, Marekani, akalieleza katika miaka ya 1940: kwa kila jeni ya kinga ndani ya mmea, kuna jeni inayolingana nayo ndani ya kuvu. Wengi walikubaliana naye kwa miongo mingi bila kuziona hizo protini za kutu ya shina. Mwaka 2017 ndipo zile za kwanza zilipotambuliwa, moja inayoamsha jeni ya kinga iitwayo Sr35 na nyingine inayoamsha Sr50. Katika ile ya Sr35 ilionekana pia jinsi kutu inavyoponyoka: kipande cha DNA kinachohamahama kiliingia katikati ya jeni ya kuvu na kuiharibu. Basi. Ajali moja ndani ya spora moja, na kinga iliyochukua miaka kuiingiza kwenye ngano imekwisha kazi.

Utaniuliza, ajali kama hiyo itokee shambani kwangu kwa bahati gani? Piga hesabu hii, ya mfano tu. Tuseme kosa la kuiharibu jeni moja hutokea kwenye spora moja katika kila milioni. Ekari moja iliyoshikwa vizuri hutoa spora kwa mabilioni. Kwa hiyo makosa hayo yanatokea kila siku ya msimu. Spora nyingi zenye kosa zinaanguka kwenye udongo, barabarani, kwenye bati la nyumba, zinakufa. Inayoangukia ngano ya kawaida haipati faida yoyote. Lakini ile inayoangukia shamba la mbegu iliyokuwa ikizuia nyingine zote imejikuta peke yake mezani. Na kama mbegu hiyo imepandwa kutoka Narok hadi Uasin Gishu kwa sababu kila mtu aliisikia kuwa ndiyo nzuri, meza yenyewe ni ndefu sana.

Sasa ongeza jambo jingine, la kwetu hasa. Ulaya au Kanada theluji huua kutu karibu yote kila mwaka, ikabidi ianze upya. Hapa, ngano ya Narok ya chini ikiwa inavunwa, ya Mau Narok ingali changa. Kati ya misimu kuna maotea yanayomea kando ya shamba na kwenye njia za trekta. Kutu ya Kenya haina likizo.

Kujamiiana kwa kutu, ambako huzichanganya jeni zake upya, ni habari nyingine, na hapa nitapita haraka. Puccinia graminis hufanya hivyo juu ya vichaka vya miiba vya jamii ya Berberis. Marekani, baada ya kutu kuwateketezea ngano mwaka 1916, waliingia kwenye kampeni ya kung'oa vichaka hivyo kuanzia 1918, mamilioni kwa mamilioni. Sisi tunacho chetu, Berberis holstii, kwenye nyanda za juu kutoka Ethiopia kushuka kusini. Usianze kukata msitu kwa ajili hiyo. Kilichokupiga wewe hakikuhitaji kichaka. Kuna njia nyingine ambayo kwangu ndiyo ya kushangaza zaidi: kila seli ya spora hizi nyekundu ina viini viwili vinavyokaa pamoja bila kuungana. Nyuzi za kutu mbili tofauti zikikutana ndani ya mmea mmoja zinaweza kugusana na kubadilishana kiini, kila mmoja akaondoka na kiini chake kimoja na kimoja cha mwenzake. Mwaka 2019 ilithibitishwa kwamba Ug99, kutu ya shina iliyoonekana kwanza Uganda, ilizaliwa hivyo. Kiini chake kimoja ni karibu nakala kamili ya kile kilichomo kwenye mbari, yaani aina, ya kutu iliyoingia Australia mwaka 1954, ambayo wenyewe huko waliamini imepeperushwa na upepo kutoka kusini mwa Afrika. Mwenye kiini cha pili hajajulikana.

Hiyo Ug99 umeisikia bila shaka. Mwaka 1998, kwenye kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, kutu ya shina ilionekana juu ya ngano zenye jeni Sr31. Hilo halikuwa limewahi kutokea. Sr31 ilitoka kwenye nafaka inayoitwa rai, kipande kizima cha kromosomu yake kikaunganishwa na cha ngano, na kwa kuwa kilikuja na mavuno mazuri, kilienea kwenye mbegu za dunia nzima. Kwa takriban miaka 30 watu walianza kuisahau kutu ya shina. Mbari mpya ikatajwa rasmi kwa jina la nchi na mwaka 1999. Ikafika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ethiopia 2003, Sudan na Yemen 2006, Iran 2007, Tanzania 2009. Norman Borlaug, ambaye mwaka 1944 alikwenda Mexico kupambana na kutu hiihii na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1970, alikuja Kenya mwaka 2005 akiwa amepita miaka 90, akasimama Njoro, kwenye kituo cha utafiti wa ngano, akaangalia, kisha akaenda kupiga mbiu kwa wakubwa wa dunia. Walisikia. Mbegu zilipopimwa, sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa duniani ilionekana haina kinga.

Watafiti huiita Ug99 kwa herufi TTKSK. Herufi hizo hazina siri: kuna aina 20 za ngano za kupimia, kila moja ina jeni yake ya kinga inayojulikana, zimegawanywa kwenye mafungu matano ya nne nne. Kutu inapakwa juu ya miche ya zote, na kila herufi inaeleza ni zipi katika fungu moja zimeshikwa na zipi zimekataa. Ukiona herufi moja imebadilika, jua kuna mlinzi mwingine amepitwa.

Na zilibadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2006 ilionekana Kenya mbari ya ukoo huohuo iliyoishinda pia Sr24. Wakati huo mbegu ya KS Mwamba, iliyotegemea Sr24, ilikuwa imechukua karibu asilimia 30 ya ngano ya nchi hii. Mwaka uliofuata, 2007, Mwamba ikateketea. Baadaye ikaja Robin, mbegu nzuri kwa mavuno, wakulima wakaipenda, ikaenea. Kinga yake kuu ilikuwa SrTmp. Mwaka 2014 zikaonekana mbari zilizoishinda SrTmp. Ethiopia nao walikuwa wameonja mwaka mmoja kabla, mbegu yao iitwayo Digalu, yenye jeni hiyohiyo, iliposhikwa na mbari ambayo wala si ya ukoo wa Ug99. Kwa hiyo, mzee, kisa chako kina ndugu.

Je, kinga zote ni za namna hiyo? La. Na hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi kuliko kwingine kote, kwa sababu ndipo sisi wauza ushauri na nyinyi wakulima tunapotofautiana.

Zipo jeni ambazo hazimtambui mwizi yeyote. Zinaifanyia kutu ugumu tu. Spora zinazofanikiwa kuingia zinapungua, lengelenge linachelewa siku kadhaa kupasuka, likipasuka ni dogo, na unga wake ni haba. Mche mchanga wenye jeni hizo huonekana hauna kinga yoyote. Nguvu yake hujitokeza mmea ukishakomaa. Siku moja baada ya nyingine tofauti ni ndogo, lakini ikizidishwa kwa mizunguko minne au mitano ya spora katika msimu, shamba moja linafika mavunoni likiwa na kutu kidogo na la pili limelala. Kwa kuwa kinga hiyo haitegemei protini moja ya kuvu, kutu haina kosa moja la kufanya ili iishinde.

Sr2 ndiyo maarufu kuliko zote. E. S. McFadden wa South Dakota aliitoa kwenye ngano ya kale iitwayo Yaroslav emmer, akaiingiza kwenye ngano ya mkate katika miaka ya 1920. Inakaribia karne moja na bado inafanya kazi, dhidi ya Ug99 na mbari nyingine. Lr34 nayo ni ya umri huo katika mbegu, na peke yake inapunguza kutu zote tatu pamoja na ubwiri unga. Jeni hiyo ilipopatikana hasa ni ipi, mwaka 2009, ikaonekana inatengeneza protini ya kusafirisha vitu ndani ya seli, kazi tofauti kabisa na ya kupiga kengele.

Moja peke yake haitoshi. Sr2 ikiwa pekee kwenye msimu mbaya utapata kutu ya kukukatisha tamaa. Zikiungana nne au tano, shamba linasimama. Kenya Kingbird, iliyotolewa 2012, ilijengwa kwa njia hiyo, ikiwa na Sr2 na jeni nyingine ndogondogo, na ilipokuwa Robin inaanguka, Kingbird ilibaki na kutu ya kuvumilika.

Sasa tazama linalotokea sokoni. Ngano yenye Sr2 mara nyingi hupata weusi kwenye maganda ya suke na chini ya suke, na kwenye vifundo vya shina. Si ugonjwa. Ni alama ya jeni yenyewe. Nimesimama na wakulima kwenye siku za wazi, wanapita kwenye kipande kisafi cha manjano wanakipigia makofi, wakifika kwenye kile chenye maganda meusi na vitone viwili vitatu vya kutu shinani wanasema hii imeoza. Lr34 nayo hukausha ncha ya jani la bendera, lile la juu kabisa, nayo wanaihesabu kuwa kasoro. Kile kipande kisafi pengine kilikuwa na mlinzi mmoja mwenye picha moja. Mkulima anachagua kwa macho, muuzaji analeta kinachochaguliwa, na mtafiti anayetaka mbegu yake ipandwe anajua hivyo. Mimi mwenyewe ningekuwa na ekari 40 Mau Narok, ningenunua ile chafu.

Ukitaka kuamua kwa macho, basi angalia ukubwa na umbo la lengelenge kuliko idadi. Njoro wanafanya hivi. Mistari ya mbegu za majaribio imezungukwa na mistari ya ngano isiyo na kinga hata kidogo, ambayo imechomwa sindano yenye maji ya spora ili ishikwe mapema na kuzimwagia nyingine. Mtu anapita na daftari, anainama, anashika shina chini ya suke, analigeuza. Anaandika namba na herufi. Namba ni asilimia ya shina iliyofunikwa, herufi ni jinsi mmea ulivyojibu. 60S: asilimia 60, malengelenge makubwa yaliyochanika, hakuna utetezi. 5R: vidoa vilivyokufa, karibu hakuna unga. Mzalishaji mbegu mzoefu akiona 5R anajiuliza ni jeni gani, na itadumu hadi lini. Akiona 20MR au 20MS, yaani kinga ya wastani au udhaifu wa wastani, kwenye mwaka ambao jirani yake imefika 80S, hapo anatulia na kuweka alama. Nenda siku ya wazi na jicho hilo. Kipimo hicho hufanywa kwa maelfu ya mistari kila msimu, mbegu zikiletwa kutoka nchi nyingi, kwa sababu mwinuko wa Njoro, zaidi ya mita 2,100, na kutu isiyokosekana huko, hufichua udhaifu ambao mahali pengine usingeuona. Kituo chenyewe si cha jana. Kutu iliwatesa walowezi waliolima ngano hapo tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa 1927.

Swali lako la mbegu moja isiyoshikwa kabisa. Mpunga haushikwi na kutu yoyote, kwa hiyo wazo lako si la ajabu, na wapo wanaotafuta siri ya mpunga. Ngano bado haijaipata.

Kinachofanyika kwa sasa ni kulundika. Fikiria kazi yenyewe. Ua la ngano lina vichwa vitatu vya chavua. Mtu anakaa chini na kibano na mkasi, anakata ncha za maganda, anavitoa vitatu hivyo kwenye kila ua la suke kabla havijapasuka, anafunika suke kwa mfuko wa karatasi. Baada ya siku chache analeta chavua ya mzazi wa pili. Suke moja linampa punje chache. Hizo zinapandwa, watoto wao, wajukuu, mpaka zitulie, na katika kila kizazi anatafuta mmea uliorithi jeni zote tano, pamoja na mavuno, pamoja na unga unaokubalika kwa wasagaji, pamoja na kimo kisicholala. CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico, na Njoro hupokezana vizazi ili kupata misimu miwili kwa mwaka, kizazi kimoja kule, kimoja hapa kwenye kutu. Hata hivyo, kutoka kuchavusha hadi mfuko wa dukani mara nyingi hufika miaka kumi. Chuo Kikuu cha Eldoret kilipita njia nyingine: kwa msaada wa shirika la nguvu za atomiki la Umoja wa Mataifa walizipiga mbegu mionzi, wakachagua zilizobadilika kwa faida, na Eldo Ngano 1 ikatolewa 2014.

Jeni tano tano zina tatizo la kutawanyika: ukipandanisha tena, kila moja inakwenda njia yake. Mwaka 2021 ilitangazwa ngano iliyowekewa jeni tano za kinga dhidi ya kutu ya shina zikiwa zimefungwa pamoja mahali pamoja, zinarithiwa kama jeni moja, na kwenye majaribio ya shambani ilisimama vizuri. Imetengenezwa kwa uhandisi jeni, na hilo lina mjadala wake na sheria zake, siuingii hapa. Ubora wake ni kwamba kutu italazimika kufanya makosa matano kwa pamoja ndani ya spora moja. Ila kuna sharti ambalo huwa naliona linapuuzwa: jeni hizohizo zisiuzwe moja moja kwenye mbegu nyingine shamba la pili. Zikiuzwa hivyo, kutu itazishinda moja baada ya nyingine kwa ngazi, na lile fungu la jeni tano litafika likiwa limekwisha kuvunjwa. Hapa nchini sioni nani anayelizuia hilo.

Kwa msimu ujao wako. Gawa ekari zako 40 kwa mbegu mbili au tatu zenye asili tofauti ya kinga, usipande moja tu. Usimwulize muuzaji kama inahimili kutu, atakwambia ndiyo. Mwulize imepata alama gani Njoro msimu uliopita, kwa kutu ya shina na ya manjano, kila moja peke yake. Asipojua, piga simu kituoni au umwone afisa ugani. Ua maotea yote walau wiki tatu nne kabla ya kupanda, na uongee na majirani wafanye hivyo, maana ukiua yako peke yako hujafanya kitu. Dawa, hata kwa mbegu nzuri, iwe tayari kabla ya jani la bendera, na upulizie unapoona vitone vya kwanza. Ukisubiri unga upake suruali umechelewa. Zile zenye kiambato cha kundi la triazoli zikichanganywa na strobilurini hufanya kazi kwenye kutu zote tatu. Badilisha viambato kati ya mpulizio na mpulizio, kwa sababu kuvu inajifunza dawa pia, na usome kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kombaini kuingia. Ukiwa na mbegu ya kinga ya polepole, mara nyingi mpulizio mmoja uliowahi unakutosha mahali ambapo ya jirani inataka mitatu.

Kabla hujalima yale mabua, kata mashina kumi hivi yenye unga kutoka pembe tofauti za shamba. Yatie kwenye bahasha ya karatasi, usitumie nailoni kwa kuwa yatatoa jasho na kuoza, yaache yakauke kivulini, andika tarehe, mahali na jina la mbegu, upeleke Njoro, kwenye kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo. Unga ukishageuka mweusi wote sampuli haitafaa kupimia mbari, kwa hiyo usikawie.

Na hiyo ngano ya gunia. Kutu haikai ndani ya punje, kwa hiyo hutaipanda pamoja na mbegu. Lakini punje iliyosinyaa ina chakula kidogo, huota kinyonge, na hata ikiota vizuri itakua iwe mmea uleule usio na kinga dhidi ya mbari ambayo sasa iko kwako. Iuze kwa mwenye kutengeneza chakula cha mifugo ukipata bei, kisha utafute mbegu nyingine.